Nyumba ya Kupangisha: Chumo la Halali au Mzigo wa Riba?

Miongoni mwa chumo zinazotamaniwa na watu wengi katika miji ya nyanda za juu za Kigoma ni nyumba ya kupangisha. Mwalimu akaribiapo kustaafu hana raha mpaka ameinua vyumba viwili vitatu vya kukodisha. Mfanyabiashara akiuza maharage yake kwa bei nzuri, jambo la kwanza alifikirialo ni kiwanja. Na kijana aliyekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam huwapelekea fedha wazee wake Kibondo au Kasulu ili wamnunulie matofali. Hili si jambo la kulaumiwa. Mwenye ng'ombe huogopa maradhi, na mwenye duka huogopa wezi; bali mwenye nyumba hulala, na asubuhi huikuta pale pale alipoiacha.

Lakini nyumba, pamoja na uimara wake wote, yaweza kumwangusha mwenyewe. Humwangusha ikiwa imejengwa kwa fedha zisizo safi, au ikiwa imejengwa kwa kumtegemea mpangaji asiyekaa, au ikiwa yaendeshwa kwa dhuluma. Makala haya yataka kuyaeleza mambo hayo matatu, ili familia ya Kiislamu iliyo na azma ya kujenga ijue inaingia katika jambo gani kabla ya kuchimba msingi.

UJIRA WA NYUMBA KATIKA DINI YETU

Kupangisha nyumba ni tawi la ijara, yaani kuuza manufaa ya kitu kwa muda maalumu hali kitu chenyewe kikibaki kuwa mali ya mwenyewe. Uhalali wa ijara hauna shaka kwa wanavyuoni. Msomaji akitazama Sura ya Al-Qasas atakuta habari za Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliyepatana na mzee wa Madyan kumtumikia miaka minane, na akipenda aitimize kumi. Twajifunza humo ya kwamba mapatano ya ujira hutaka mambo mawili yajulikane tangu mwanzo: kazi au manufaa yenyewe, na muda wake. Mafakihi wakaongeza kuwa kiasi cha ujira nacho sharti kijulikane, ili pasiwe na ugomvi baadaye.

Twakumbusha haya kwa kuwa katika nchi yetu uliwahi kupita wakati ambapo kupangisha nyumba kulitazamwa kwa jicho baya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa chama au wa serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo, ambayo kwayo serikali ilichukua nyumba nyingi za kupangishwa zilizokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Masharti yale ya viongozi yalilegezwa kule Zanzibar mwaka 1991. Sisi hatukusudii kufufua mjadala ule. Twasema tu kwamba watu wa zama zile waliogopa unyonyaji, na unyonyaji ni jambo ambalo Uislamu pia waukataza. Tofauti ni kwamba dini haikuuharamisha ujira wenyewe. Imeiharamisha dhuluma iingiayo ndani yake.

MIJI ILIYOPOKEA WAGENI

Ili tuelewe hatari ya kujenga bila hesabu, na tutazame yaliyopita Kibondo na Kasulu.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1993 aliuawa Melchior Ndadaye, Rais wa Burundi, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuja kwetu. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo. Nyuma ya wakimbizi walikuja Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada, na mashirika yakahitaji ofisi, maghala, na makazi ya watumishi wao. Miji ambayo jana ilikuwa midogo na tulivu ikawa na magari mengi na wageni wengi, na kila mwenye nyumba yenye sakafu ya saruji na bati zuri akagongewa mlango.

Wakati ule haukudumu. Amani iliporudi Burundi, wakimbizi wakarejea kwao, kambi zikafungwa moja baada ya moja, na ile ya Mtabila, wilayani Kasulu, ikafungwa mwezi wa Disemba mwaka 2012. Mashirika yakafunga mizigo. Kisha mwaka 2015 ikazuka tena fitina Burundi. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa upya mwezi wa Oktoba mwaka ule, na ile ya Mtendeli, ambayo sasa imo katika wilaya ya Kakonko, ikafunguliwa Januari 2016. Wageni wakarudi, na watu wakajenga tena. Lakini Mtendeli ikafungwa Disemba 2021. Na mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, mashirika mengi ulimwenguni yalipunguza watumishi na kuacha ofisi.

Msomaji atazame vizuri mzunguko huu: kufunguliwa, kufungwa, kufunguliwa, kufungwa. Ni mzunguko wa msiba wa jirani. Hapana ubaya kumpangisha mtumishi wa shirika. Ni mtu kama mwingine, naye ahitaji pa kulala. Ubaya ni kujenga nyumba ya vyumba vikubwa na ukuta mrefu kwa deni la miaka mingi, kwa kutumaini kwamba shida ya mwenzako itadumu muda wa kutosha kulilipa deni lako. Huyo hajengi juu ya mwamba. Tena kuna aibu ya moyoni: mtu anayehesabu mapato yake kwa vita vya wengine, atawezaje kuinua mikono kuomba amani?

Wapo wapangaji wengine, ambao hawaji kwa magari makubwa wala hawalipi kodi ya kushangaza, lakini hawaishi. Mwalimu wa shule, muuguzi wa hospitali ya wilaya, mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Kasulu, karani wa halmashauri, mshonaji wa nguo, na mchuuzi aliyekuja kwa barabara kuu itokayo Nyakanazi na kupitia Kakonko, Kibondo na Kasulu hata kufika Kigoma. Mtu wa namna hii ataka chumba kikavu, choo safi, maji yasiyo mbali, na mlango unaofungika. Mwenye kujenga kwa kumkusudia yeye, nyumba yake haitakaa tupu muda mrefu, kambi zifunguliwe au zifungwe.

HESABU YA MWENYE DENI LA RIBA

Sasa tuje kwenye mtaji. Wengi husema: "Nitakopa benki, nijenge, kisha kodi ya wapangaji itajilipa deni yenyewe." Maneno haya ni matamu. Tuyapime kwa hesabu ya mfano.

Tuseme mtu amejenga nyumba ya sehemu nne, na kila sehemu inapangishwa kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima kodi yake ni shilingi 2,880,000. Lakini hapana nyumba isiyokaa tupu. Tuseme kwa jumla amekosa kodi ya mwezi mmoja, shilingi 240,000. Zimebaki 2,640,000. Atoe asilimia 10 kwa ajili ya kodi ya serikali ya pango, ambayo ni shilingi 264,000, na asilimia 10 nyingine kwa matengenezo ya bati, rangi, vitasa na choo, ambayo nayo ni 264,000. Kisha atoe kodi ya jengo ya mwaka, shilingi 18,000. Mkononi zimebaki shilingi 2,094,000.

Ikiwa mtu huyu amekopa shilingi 15,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, riba peke yake ya mwaka wa kwanza ni shilingi 2,400,000. Kodi yote iliyobaki haitoshi kulipa hata riba. Amepungukiwa shilingi 306,000, na deni lenyewe halijapungua hata senti moja. Itambidi auze ng'ombe, au ale mshahara wake, au akope tena. Na siku akishindwa, nyumba itapigwa mnada, na pengine kiwanja walichomwachia wazee kitakwenda nayo.

Ewe ndugu msomaji, riba imeharamishwa katika Sura ya Al-Baqara kwa maneno makali yasiyo na mfano katika maonyo juu ya mali, na Muislamu huiacha kwa kumtii Mola wake hata kama hesabu ingekuwa na faida. Lakini ni rehema Yake kwamba jambo alilotukataza, aghalabu hata kwa hesabu ya dunia twaona madhara yake.

NJIA ZA KUPATA MTAJI ULIO SAFI

Basi mtu afanyeje? Njia zipo, ingawa zahitaji subira.

Ya kwanza ni kujenga kidogo kidogo. Katika nyanda zetu mvua huanza kunyesha Oktoba au Novemba na kuendelea hata Aprili au Mei. Kiangazi ndiyo majira ya kufyatua na kuchoma matofali. Mwenye akili hujenga msingi na kuta kiangazi kimoja, akaezeka kabla ya mvua, akamaliza sehemu moja tu na kuipangisha, kisha kodi ya sehemu ile ikamaliza ya pili. Huenda akachukua miaka mitano, lakini siku akimaliza, nyumba ni yake na usingizi ni wake.

Ya pili ni ushirika, uitwao musharaka. Mmoja ana kiwanja, mwingine ana fedha. Hukadiria thamani ya kila kitu, wakaandika fungu la kila mmoja, na faida wakagawana kwa kadiri walivyopatana. Ama hasara, kila mmoja hubeba kwa kadiri ya mtaji wake. Njia hii yafaa sana kwa ndugu waliorithi kiwanja kimoja wakawa wanagombana juu yake mwaka baada ya mwaka. Lakini kwanza mirathi igawanywe kisheria, na mafungu ya dada zao yajulikane. Haifai kaka mkubwa ajenge juu ya haki ya dada zake kisha aite kodi ile chumo lake.

Ya tatu ni kununua vifaa kwa murabaha. Benki au mfanyabiashara hununua saruji, nondo na bati, vikawa mali yake na dhamana yake, kisha humwuzia mjenzi kwa bei iliyotajwa pamoja na faida yake, ilipwe kwa mafungu. Bei hiyo haiongezeki hata malipo yakichelewa. Katika Tanzania, Amana Bank ilianza kazi mwezi wa Novemba mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza inayoendeshwa yote kwa sharia, na baadhi ya benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Mwenye haja aulize kwa makini: je, benki inanunua vifaa kwa kweli, au inatoa fedha tu na kubadilisha jina? Jina la halali haligeuzi kitu cha haramu.

Ya nne ni kodi ya kutangulizwa. Mpangaji atakaye duka au nyumba kwa mwaka mzima aweza kulipa mbele kwa ridhaa yake, na mwenye nyumba akaitumia fedha hiyo kumalizia ujenzi. Hii yajuzu, lakini ajue kwamba fedha ya miezi isiyofika bado si yake kamili. Nyumba ikibomoka, au akimtoa mpangaji kabla ya muda, sharti arejeshe sehemu iliyobaki. Ama kumlazimisha maskini alipe miezi sita au mwaka kwa chumba kimoja, hali ajua kuwa hana, ni kumsukuma huyo naye akakope kwa riba.

Na tuonye juu ya jambo moja ambalo watu hulifanya bila kujua. Mtu humkopa mwenziwe fedha, kisha humpa vyumba akae bure mpaka deni lilipwe. Huyu aliyekopesha amepata manufaa kwa ajili ya mkopo wake, na mafakihi wamekubaliana kwamba mkopo uliowekewa sharti la manufaa kwa mkopeshaji ni riba. Wakitaka kuepuka, wapatane kodi ya haki, na kodi hiyo ipunguzwe katika deni kila mwezi.

Kabla ya yote, mjenzi ahakikishe kiwanja. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake; mtu humiliki haki ya kuitumia. Asinunue kwa karatasi ya mtaani peke yake. Afike ofisi ya ardhi ya halmashauri, na kama ni kijijini afike kwa serikali ya kijiji, ajue mipaka na mwenye haki. Sheria hiyo hiyo yataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Basi mume asiifiche karatasi; nyumba wanayolala watoto si ya kuchezewa kwa siri.

MPANGAJI NI AMANA

Nyumba ikisimama, kazi nyingine ndipo inapoanza. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni dogo huandikwa, mapatano ya mwaka mzima ya nyumba yana haki zaidi ya kuandikwa. Waandike majina, sehemu inayopangishwa, kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, muda, na taarifa ya kuhama. Na kila alipwapo, mwenye nyumba atoe stakabadhi. Undugu na ujirani haviharibiwi na karatasi. Huharibiwa na kusahau.

Matengenezo ya asili ya nyumba, kama bati linalovuja na ukuta uliopasuka, ni juu ya mwenye nyumba, kwa kuwa ameuza manufaa na ni wajibu wake manufaa hayo yapatikane. Alichokivunja mpangaji kwa uzembe ni juu ya mpangaji. Haijuzu kupandisha kodi katikati ya muda uliopatanwa, wala kumtupia mtu vyombo vyake nje usiku wa mvua. Na atakayepangisha chumba ili kiwe kilabu cha pombe asijidanganye kwamba yeye anauza chumba tu. Amesaidia jambo lililokatazwa, na kodi yake imeingia uchafu.

Kuna jambo dogo ambalo limewatia wengi dhuluma bila wao kufikiri. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kwa njia ya umeme wa LUKU. Na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kila mwezi. Anayenunua umeme aghalabu ni mpangaji, lakini kodi ile kwa sheria ni ya mwenye nyumba. Basi mwenye nyumba na airejeshe, au aipunguze katika pango. Shilingi 1,500 ni kidogo machoni pa watu, lakini kwa mwaka ni 18,000, na haki ya mtu haipimwi kwa udogo wake. Kadhalika, mpangaji akiwa ni kampuni au shirika, hukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania; mwenye nyumba adai hati ya makato yale, wala asipatane na mpangaji kuandika kodi ya uongo katika mkataba.

Mpangaji naye ana wajibu. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa ni dhalimu. Anayenunua simu mpya hali kodi ya miezi miwili hajalipa, asijiite maskini. Ama aliyefikwa na ugonjwa au aliyeachishwa kazi, huyo ametajwa katika aya ya 280 ya sura ile ile, kwamba apewe muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Kwa hiyo mwenye nyumba atofautishe baina ya mkaidi na mwenye dhiki. Na hapo ndipo imani yake itakapojulikana.

ZAKA NA WAKFU

Wengi huuliza kama nyumba ya kupangisha ina zaka. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha pili kilichofanyika Jeddah Disemba 1985, liliamua kuwa jengo lenyewe halina zaka. Zaka iko katika mapato yake, robo ya sehemu ya kumi, baada ya kupitiwa na mwaka tangu kupokewa, ikiwa yametimiza nisabu. Katika mfano wetu, mwenye nyumba asiye na deni, akibakiza zile shilingi 2,094,000 mwaka mzima, nazo pamoja na fedha zake nyingine zikafika nisabu, zaka ya fungu lile ni shilingi 52,350. Ama aliyejenga nyumba ili aiuze, hiyo ni bidhaa ya biashara, na zaka hutolewa katika thamani yake.

Na juu ya zaka kuna wakfu. Katika pwani yetu, nyumba nyingi ziliwekwa wakfu na wazee ili kodi yake itumikie misikiti na vyuo, na kule Zanzibar ipo mpaka leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayozisimamia. Kwa nini Waislamu wa Kasulu na Kibondo wasifanye mfano wa hayo? Msikiti ukijenga vyumba vinne vya kupangisha katika kiwanja chake, kwa michango na kwa nguvu za vijana wa kufyatua matofali, mwalimu wa madrasa atapata posho isiyotegemea bakuli la Ijumaa. Lakini hesabu yake isomwe hadharani kila mwaka, maana mali ya wakfu haina mwenyewe wa kuilalamikia ikiliwa.

Kwa vijana wetu tunasema hivi: msione haya kuanza na chumba kimoja. Chumba kimoja kisicho na riba, kilichopangishwa kwa mwalimu au muuguzi kwa kodi ya haki, kina baraka kuliko jumba lenye ukuta mrefu linalongoja kambi ifunguliwe. Mwenyezi Mungu atujaalie chumo safi, majirani wema, na makazi ya kudumu huko Akhera. Amin.